Paleti Zilizosahauliwa: Uingereza Ilipotoka Katika Umoja wa Ulaya

Baina ya tarehe 23 Juni 2016, Waingereza walipokata shauri kwa kura kujitoa katika Umoja wa Ulaya, na usiku wa 31 Desemba 2020, kipindi cha mpito kilipokoma, maneno mengi mno yalisemwa juu ya ushuru wa forodha, mamlaka ya dola na haki za wavuvi. Walakin juu ya paleti, yaani ule uchaga wa mbao ambao shehena hupangwa juu yake ili mashine ipate kuiinua na kuitia ndani ya lori, waliosema walikuwa wachache, na waliosikilizwa wakawa wachache zaidi.

Uchaga huo una sharia yake. Mwaka 1996 mbawakawa wa Asia, atobaye miti ikafa, alionekana mjini New York, na ikadhaniwa kuwa alifika ndani ya mbao za kufungia mizigo. Mwaka 1999 mnyoo auaye misonobari akagunduliwa Ureno. Ndipo mwaka 2002 mataifa yakaafikiana juu ya kanuni iitwayo kwa kifupi ISPM 15: mbao nene ya kubebea mizigo kwa kawaida ipashwe joto tanuuni mpaka kiini chake kifike nyuzi 56 za Selsiasi na kikae hivyo kwa muda wa dakika 30, kisha ipigwe muhuri wenye alama ya suke la ngano pamoja na herufi za nchi ilikotengenezwa. Msafirishaji wa parachichi atokaye Mombasa kwenda Rotterdam aujua muhuri huo kwa muda mrefu. Mwingereza wa Kent, ambaye Ufaransa kwake ni takriban kilomita 33 za maji, hakuuhitaji hata kidogo maadamu nchi yake ilikuwa ndani ya Umoja, kwa kuwa paleti zilizunguka humo bila ya kuulizwa nasaba yake. Nazo zilizunguka kwelikweli, leo Leeds, wiki ijayo Lille, baadaye Milan, hata isijulikane tena ni ya nani na ilitengenezwa wapi.

Tarehe 24 Desemba 2020 mapatano ya biashara yalipopatikana, wanasiasa wa pande zote mbili walishangilia kwamba bidhaa zenye asili ya Uingereza au ya Ulaya hazitatozwa ushuru. Kweli hazikutozwa. Lakini ushuru huhesabiwa kwa bidhaa, ilhali mbao iliyo chini yake ni shauri la afya ya misitu, na shauri hilo halikufutwa na mapatano. Shehena iliyo halali kwa kila hati huweza kurudishwa bandarini kwa ajili ya ubao usio na suke. Wala dawa yake si kununua mihuri, kwani akiba ya paleti iliyokusanywa na nchi nzima kwa miaka mingi haipashiki joto kwa juma moja, matanuu yana kadiri yake, na paleti iliyotengenezwa upya huweza kuhitaji kupashwa joto tena. Wenye fedha waligeukia paleti za plastiki, ambazo kanuni haizihusu. Wenye biashara ndogo wakabaki kupanga foleni.

Nimekaa sana juu ya mbao kwa sababu ndani yake twaona tabia ya jambo zima. Lori moja huchukua mizigo ya wafanyabiashara ishirini, kila mmoja na kasha lake, na hati ya mmoja ikikosewa, kumi na tisa waliokamilisha zao husimamishwa pamoja naye. Samaki wa Uskoti waliharibika kwa namna hiyo Januari 2021, na tarehe 18 ya mwezi huo malori ya wenye samaki yakaja London kulalamika karibu na Bunge. Nyama iliyokuwa ikivuka kama barua sasa yahitaji sahihi ya daktari wa mifugo. Siku zile zile za Januari forodha ya Uholanzi iliwanyang'anya madereva mikate yenye nyama.

Mtikisiko ulifika hata Afrika Mashariki. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zikihesabiwa miongoni mwa nchi zilizo nyuma kimaendeleo, zilikuwa na mlango wake wa kuingiza bidhaa Uingereza bila ya ushuru. Kenya haikuwa nao, hivyo ikalazimika kutia sahihi mapatano yake na Uingereza tarehe 8 Desemba 2020, zikisalia siku chache. Hata hivyo maua yake yapitayo mnadani Aalsmeer, Uholanzi, kabla ya kuvushwa Uingereza yalikuta mipaka miwili ya forodha badala ya mmoja.

Umoja wa Ulaya ulianza ukaguzi wake siku ya kwanza. Uingereza, iliyodai kuyarudisha mamlaka ya mipaka yake, iliuahirisha wa kwake mara kadhaa, na ukaguzi wa kufungua shehena za vyakula na mimea haukuanza mipakani mpaka 30 Aprili 2024. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 19 Mei 2025, wakuu wa pande mbili walikutana London wakaafikiana kushughulikia mapatano mapya juu ya afya ya wanyama na mimea, ambayo kwayo Uingereza itazifuata tena kanuni nyingi za Ulaya, bila ya kuwa na kura katika kuzitunga.