Kabla ya Dawa, Pima Maji

Mfugaji wa sato akifika bwawani alfajiri na kuwakuta samaki wamejaa juu ya maji wakitweta, wengine wakijisugua kwenye kingo, wazo la kwanza ni dawa. Ute wa ngozi yao ukiwekwa chini ya hadubini, huenda ukaonyesha kidudu cha duara kinachozunguka kama sahani. Kinaitwa trikodina. Kidudu hicho hakikuingia jana. Wachache huishi juu ya samaki wazima bila madhara, wakila bakteria. Kilichobadilika ni maji.

Pumba na samadi zikizidi, huoza, bakteria wakaongezeka, na trikodina akapata karamu. Hapo hapo amonia inapanda. Majini amonia huwa na sura mbili: amoniamu, yenye sumu kidogo, na amonia huru inayopenya matamvua. Mwamuzi ni pH. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, maji yenye pH 7 huwa na amonia huru isiyofika asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inavuka theluthi moja. Na bwawa la kijani halitulii: mchana mwani hunyonya kaboni dioksidi na pH inapanda. Maji yaliyokuwa salama saa 1 asubuhi yanaweza kuunguza matamvua saa 9 alasiri. Usiku mwani nao huvuta oksijeni, ikapungua kabisa karibu na mapambazuko. Samaki aliyepita siku kadhaa za namna hiyo hana tena kinga ya kumzuia trikodina.

Ndiyo maana formalini, dawa ya kuulia vimelea, ikimwagwa alfajiri hiyo inaweza kuua bwawa zima. Kila miligramu 5 za formalini katika lita ya maji huondoa takriban miligramu 1 ya oksijeni, nayo ilikuwa imekwisha tayari.

Chumvi ya kawaida ina heshima yake. Vimelea vingi vya maji baridi vimezoea maji yasiyo na chumvi. Chumvi ikiongezwa, vimelea hivyo hunyang'anywa maji ya mwilini. Sato huistahimili vizuri kuliko vimelea, hivyo vifaranga huogeshwa kwa muda mfupi kwenye maji ya chumvi kabla ya kupandikizwa.

Chokaa ya kilimo nayo huyapa maji uwezo wa kuzuia pH isiyumbe. Lakini tafadhali, isichanganywe na chokaa ya kupaka kuta: hiyo hurusha pH ghafla, na mahali pake ni bwawa lililokaushwa, lisilo na samaki.

Mfugaji mwenzangu, nunua kipimo cha pH kabla hujanunua chupa ya dawa. Pima mara mbili kwa siku, kabla ya jua kuchomoza na saa 9 alasiri. Ukiona pH ya alasiri inakaribia 9, punguza chakula na samadi siku hiyo hiyo, na ubadilishe sehemu ya maji.