Breki ngumu leo, laini kesho

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba tuzungumzie breki za pikipiki. Nina sababu.

Pikipiki yangu ilikuwa na breki ya shu gurudumu la mbele. Kwa kuwa safari zangu ni za Masasi na Newala, na Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, niliona heri nifunge ya diski. Fundi akaifunga, akatoa upepo, nikavuta mkono wa breki: mgumu kama jiwe. Nikalipa, nikapanda Newala.

Wakati wa kurudi, nikiteremka na abiria, mkono ule ukaanza kulegea. Kwenye kona ya tatu ukagusa usukani. Kilichotuokoa ni breki ya nyuma, ya shu, inayovutwa kwa fito ya chuma, pamoja na gia namba mbili. Tuliposimama, abiria wangu alishuka bila kusema neno. Akaniangalia tu.

Kulikoni? Breki ya diski huendeshwa na mafuta. Mafuta hayabonyei, ukivuta mkono, nguvu yote hufika kwenye pedi. Hewa hubonyea kama puto, na nguvu yako huishia humo. Ndiyo maana hutolewa upepo kila mfumo unapofunguliwa.

Lakini yangu ilikuwa ngumu kule Masasi! Kosa lilikuwa kwenye chupa. Ilikaa wazi siku nyingi, imezibwa kwa kitambaa, na mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Katika mteremko mrefu breki hupata moto, maji yakawa mvuke, na mvuke nao ni upepo.

Basi kazi irudiwe hivi. Soma kwenye kifuniko cha kopo la breki ni DOT ipi inayotakiwa, kisha chupa mpya ifunguliwe mbele ya macho yako. Vesha mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nati ya kutolea upepo. Ncha ya pili izame katika chupa yenye mafuta kidogo. Vuta mkono, ushikilie, legeza nati, kaza nati, ndipo uachie. Ukiachia kabla ya kukaza, hewa itarudi. Rudia hadi mapovu yaishe, na kopo la juu lisikauke. Mafuta yakimwagika yaoshe upesi kwa maji, maana hula rangi. Yakilowesha pedi, weka nyingine.

Kisha kagua. Vuta mkono kwa nguvu dakika nzima. Ukizama polepole, hiyo breki haifai: tafuta panapovuja. Jaribu kwanza uwanjani, kwa mwendo wa mtu atembeaye. Pedi mpya huhitaji kusimamishwa taratibu mara nyingi kabla hazijashika sawasawa. Na mteremko uteremke kwa gia ndogo, usiiachie breki peke yake kazi yote.

Ndugu zangu, pikipiki hizi hubeba watoto wa shule, wagonjwa na magunia ya korosho. Tahadhari kabla ya hatari. Siku hizi nikifika gereji, baada ya salamu neno langu la kwanza ni hili: “Fundi, naomba niione chupa.”