Vigae vya kaure vya nje

Vigae vya kaure vya nje ni vigae vigumu vinavyotandikwa mahali palipo wazi kwa jua na mvua, kama vile baraza, ngazi, ua na njia za miguu. Nchini Tanzania vigae vya kila aina huitwa "marumaru" au "tailizi", ingawa marumaru halisi ni jiwe linalochimbwa. Kaure hutengenezwa kiwandani kwa udongo mweupe, mchanga wa silika na madini ya feldspa, ambavyo hushindiliwa na kuchomwa kwa joto la nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi.

Kaure si ngeni Afrika Mashariki. Mabakuli ya kaure kutoka China yalipachikwa kwenye makaburi ya Waswahili, kwa mfano huko Kunduchi, zamani kabla ya mtu yeyote kufikiria kuikanyaga. Siku hizi vigae hutengenezwa pia Mkuranga na Chalinze katika Mkoa wa Pwani, lakini si kila kigae kinachouzwa dukani ni cha kaure.

Kuchagua

Kwa viwango vya kimataifa, kigae cha kaure hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Njia rahisi ya kupima ni kudondosha maji upande wa nyuma: kigae cha kawaida huyanywa baada ya muda mfupi na kubaki na doa, kaure huyaacha juu.

Jambo zito zaidi ni utelezi. Katika Wilaya ya Karatu, ikiwemo kata ya Endabash, mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na udongo mwekundu hushika viatuni hadi barazani. Tope jembamba juu ya kigae kinachong'aa linaweza kumvunja mzee nyonga. Hata hivyo vigae vya kung'aa vya sebuleni huwekwa barazani kwa sababu vinapendeza. Mizani inayotumika sana huanzia R9 hadi R13; kwa nje inafaa R11 au zaidi. Uso wenye mikwaruzo mingi mno nao hushika udongo na kusumbua kusafisha, na rangi nyeupe huonyesha kila alama ya wekundu.

Vigae vya ndani huwa na unene wa milimita 8 hadi 10, na nje vinahitaji zege imara chini yake. Vya milimita 20 vinaweza kutandikwa juu ya kokoto zilizoshindiliwa, lakini kwa njia ya miguu tu. Panapopita magari, matofali ya pevingi ni bora, tena ni nafuu kubadilisha moja likipasuka.

Kutandika

Sifa inayoifanya kaure iwe imara ndiyo inayomsumbua fundi: kwa kuwa hainyonyi maji, saruji tupu haiishiki vizuri. Kigae hubanduka hata kama chenyewe hakina kasoro. Hivyo hutumika gundi ya vigae iliyochanganywa na polima, ikipakwa sehemu yote ya nyuma. Kuweka madonge matano tu huacha mapengo. Maji huingia humo, na mguu ukikanyaga kona yenye uwazi chini yake, kigae huvunjika.

Sakafu huinamishwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na ukuta wa nyumba. Kati ya kigae na kigae huachwa milimita 3 hadi 5, na kwenye eneo kubwa huachwa nafasi pana zaidi kila baada ya mita chache, zikijazwa mpira laini, kwa sababu vigae hutanuka juani na kusinyaa usiku wa baridi. Mahali penye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, huondolewa kwanza na kujazwa kifusi, la sivyo zege lenyewe litapasuka pamoja na vigae vyake.

Baada ya hapo vigae huhitaji maji, sabuni na brashi tu. Nta haipakwi, kwani hurudisha utelezi.