Mipaka ya Mtazamo katika Usimulizi: Mifano kutoka Kasongo na Kabambare

Mwandishi anayesimulia tukio kwa mtazamo wa mhusika mmoja huwa ameweka ahadi na msomaji: asichokiona, asichokisikia wala kukidhani mhusika huyo hakina nafasi katika tukio hilo. Ahadi hiyo huvunjwa mara nyingi katika riwaya ya kihistoria, kwani humo mwandishi anajua mengi kuliko mhusika wake yeyote.

Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yakiongozwa na Francis Dhanis, yaliuteka mji wa Kasongo. Tippu Tip, aliyekuwa na makao yake huko, hakuwapo. Alikuwa amekwisha rejea Unguja mwaka 1891. Daktari Mwingereza Sidney Hinde alikuwapo, lakini pamoja na washambulizi. Katika kitabu chake cha mwaka 1897 anaeleza fahari iliyokutwa majumbani. Hinde aliviona vitanda. Waliovilalia walikuwa wamekwisha kimbia.

Na ichukuliwe kwamba mwandishi amemchagua mpishi katika nyumba mojawapo. Mpishi huyo anasikia bunduki, na kwa mlio wake anatambua zinatokea upande gani. Anaacha chungu jikoni. Jina la Dhanis halijui. Kwake waliokuja ni watu wa Bula Matari, basi. Anashika njia ya mashariki kwenda Kabambare. Hapa ndipo waandishi wengi huteleza, wakaandika: “Hakujua kwamba Januari 1894 Kabambare nayo ingetekwa.” Ikiwa hakujua, ni nani anayesema? Sentensi hiyo ni ya msimulizi maizi, na kwa kuingia kwake hofu ya njiani inapungua, maana msomaji sasa amesimama juu ya mpishi badala ya kwenda naye. Habari ikihitajika, na iletwe na mkimbizi mwingine, hata kama ni nusu yake tu au imepotoshwa.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Katika tawasifu yake ya Kiswahili, iliyochapishwa na Heinrich Brode mnamo 1902–1903, Tippu Tip anasimulia jinsi alivyojidai kuwa wa ukoo wa Kasongo Rushie, mtawala wa Utetera, akaachiwa utawala. (Kasongo huyu ni mtu, si mji.) Kwa kuwa msimulizi ni nafsi ya kwanza, hila iko wazi kwa msomaji. Moyo wa mzee ndio uliofungwa: je, alisadiki, au aliona faida ya kuwa na jamaa mwenye bunduki? Tippu Tip hana njia ya kulijibu swali hilo. Mtunzi wa riwaya anaweza kulihamishia tukio upande wa mzee, lakini gharama yake ni kubwa: neno “hila” halitaweza kutamkwa tena. Kitakachobaki ni mgeni anayetaja majina ya ndugu waliotekwa zamani, na mzee anayemtazama usoni akitafuta sura anayoijua.