Namba Mwenza katika Kutoa Sehemu Changamano

Msomaji mmoja ameuliza iwapo 5/(1+2i) − 2/(1−i) ni (3−9i)/(3+i), kama alivyopata kwa kulinganisha asili, au ni −3i, kama kitabu chake kinavyosema. Namba changamano, yaani namba yenye upande halisi na upande unaobeba i, ambayo kipeo chake cha pili ni −1, hutolewa upande kwa upande, na hapo hapana la kumchelewesha mtu. Ugumu wote umo katika asili, namba iliyo chini ya mstari wa sehemu.

Dawa yake ni kuzidisha kiasi na asili kwa namba ileile ya chini iliyogeuzwa alama ya i: 1+2i ikizidishwa kwa 1−2i, zao lake ni 5, na i imetoweka. Neno la Kifaransa ambalo Augustin-Louis Cauchy alilitumia mwaka 1821 kuziita namba za namna hii lina mzizi wa Kilatini wenye maana ya kufungwa nira moja. Kwa Kiswahili, "pacha" halitoshi, kwa kuwa pacha hufanana tu, na "kinyume" lina kazi nyingine; "namba mwenza" ndilo jina linalostahili, kwa sababu mwenza, kama mgombea mwenza, hutambulika kwa yule aliyefungamana naye.

Sababu ya i kutoweka ni nzuri mno. Caspar Wessel, mpima ardhi mzaliwa wa Norway, alionyesha mwaka 1797 kwamba namba changamano ni mshale wenye urefu na mwelekeo, na kwamba kuzidisha ni kuzidisha urefu na kujumlisha pembe. Nahodha anayeelekea mashariki, akigeuza chombo nyuzi 63 hivi upande wa kaskazini, amezidisha kwa 1+2i. Akikirudisha kwa nyuzi zilezile upande wa kusini, amezidisha kwa 1−2i, na omo linatazama tena mashariki barabara, ambako ndiko mstari wa namba halisi uliko, huku urefu, ambao kwa kila moja ya namba hizo mbili ni √5, ukiwa √5 mara √5, yaani 5.

Kwa njia hiyo sehemu ya kwanza inakuwa 1−2i, ya pili 1+i, na tofauti yake ni −3i. Msomaji hakukosea, ila aliacha asili bila mwenza wake: −3i ikizidishwa kwa 3+i hutoa 3−9i kamili.