Waliopata nafuu hawakai kwenye benchi

Familia ikiambiwa kwa mara ya kwanza kwamba kijana wao ana skizofrenia, swali huwa moja: atapona? Katika kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura, kinachoendeshwa na mabruda wa Frères de la Charité, swali hilo huulizwa kwa Kirundi, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Mara nyingi mwulizaji amekwisha kujijibu. Ametupa jicho kwenye benchi la kusubiria, akamwona mzee anayesema peke yake na mama anayetetemeka mikono, akakata tamaa: basi mwanangu naye ndiko anakoelekea.

Benchi hilo linadanganya. Linaonyesha waliorudi tu. Aliyepata nafuu akarejea kuuza vitenge vyake sokoni huchukua dawa na kwenda zake. Aliyezidiwa ndiye anayeonekana kila wiki. Fundi wa gereji naye, ukimuuliza, atakuapia kwamba gari zote za Probox ni mbovu, maana nzima hazimfikii. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Patricia Cohen na Jacob Cohen, walieleza kwamba hata madaktari hunaswa na mtego huo.

Dawa ya mtego ni utafiti wa kufuatilia. Watu huandikishwa mapema, kisha hutafutwa mwaka hadi mwaka, popote walipo, hata kama wameacha kuja kliniki. Aliyepona anahesabiwa, aliyehama anahesabiwa, aliyekufa anahesabiwa. Hapo ndipo jibu la "atapona?" linapoanza kuaminika.

Shirika la Afya Duniani lilianza kazi hiyo katika miaka ya 1960 kwenye vituo tisa, kimojawapo Ibadan, Nigeria. Matokeo yalishangaza: baada ya miaka michache wagonjwa wa Ibadan na wa Agra, India, walikuwa na hali nzuri kuliko wenzao wa London au Moscow. Baadaye wagonjwa wa nchi mbalimbali walifuatiliwa kwa miaka 15 hadi 25, na ripoti iliyotoka mwaka 2001 ilisema zaidi ya nusu ya waliofuatiliwa walikuwa wameishia pazuri. Hata miongoni mwa wale ambao ugonjwa haukuwaachia nafasi mwanzoni, asilimia 16 walikuja kupona baadaye.

Afrika tulizipokea habari za Ibadan kwa furaha: kumbe ndugu na majirani wanatibu kuliko hospitali za Wazungu! Lakini waliohesabiwa Ibadan ni waliofika kwenye huduma. Wale waliobaki nyumbani, au waliofungwa kamba nyuma ya nyumba, nani aliwaandika?

Jibu lilitoka Ethiopia. Kuanzia mwaka 1998, watafiti wa Chuo Kikuu cha Addis Ababa walikwenda wilaya ya Butajira, kusini mwa mji mkuu, wakapita nyumba kwa nyumba na kuwahoji watu 68,378. Wengi wa wagonjwa waliowapata hawakuwa wamewahi kumeza hata kidonge kimoja. Wakaanzishiwa matibabu na kufuatiliwa. Baada ya miaka mitatu na ushee, karibu theluthi moja ya wenye skizofrenia walikuwa wameumwa mfululizo bila kupumzika. Wengi wa waliobaki ugonjwa uliwajia na kuondoka. Waliokaa karibu muda wote bila dalili hawakufika hata 6 katika 100.

Baada ya miaka kumi ikaonekana hesabu nzito zaidi. Kati ya watu 919 wenye magonjwa makali ya akili, 121 walikuwa wamefariki, takriban miaka thelathini kabla ya wakati wao. Karibu nusu ya vifo hivyo vilitokana na magonjwa ya kuambukiza.

Kwa hiyo tusiamini benchi linalotisha, wala tusiamini sifa kwamba kijiji peke yake kinaponya. Cha kuuliza ni nini kinachogeuza mwendo wa ugonjwa. Jambo moja limepimwa vizuri: muda unaopita kati ya dalili za kwanza na dawa ya kwanza. Katika jimbo la Rogaland, Norway, mwishoni mwa miaka ya 1990, dalili zilitangazwa magazetini na redioni, walimu wakafundishwa kuzitambua, na yeyote aliweza kupiga simu. Muda wa kati wa kukaa bila matibabu ulishuka kutoka wiki 26 hadi wiki 5 hivi. Matangazo yaliposimamishwa, ukapanda tena hadi wiki 15. Miaka kumi baadaye, asilimia 31 ya walioandikishwa mahali penye matangazo walikuwa wamepona na kurudi kwenye maisha yao. Pasipokuwa na matangazo walikuwa asilimia 15.

Sasa tujitazame. Chukua kijana wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, mwenye miaka 19. Ameacha shule, halali, anasikia sauti zinazomtukana, anaamini majirani wanamtilia sumu kwenye chakula. Kwanza inasemekana ni bangi. Kisha majini, akasomewa kisomo. Shangazi anampeleka kwenye chumba cha maombi, mjomba anatafuta mganga. Kila mmoja anampenda kwa dhati, na miezi inakwenda. Hakuna anayeiomba familia iache dua. Kisomo na sindano havigombani. Kinachoumiza ni kusubiri kimoja kiishe ndipo kingine kianze.

Dawa nayo inataka ukweli. Haloperidoli hupunguza sauti, lakini inaweza kukaza taya na kutetemesha mikono. Huenda yule mama wa kwenye benchi anatetemeshwa na dozi. Dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa. Mwambie muuguzi, usiitupe kimyakimya. Kuna sindano ya mara moja kwa mwezi kwa anayesahau vidonge. Wengi huacha dawa pale wanapojisikia wazima, na hapo ndipo ugonjwa hurudi. Siku ya kwanza kliniki, andikisha namba mbili za simu, yako na ya jirani asiyehamahama, ili mgonjwa wako asipotee kwenye daftari.

Tena, kutokana na vifo vya Butajira, mwenye ugonjwa wa akili akisema kichwa kinamuuma, usimjibu kwamba ni mambo yake yale yale. Homa yake ipimwe malaria. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Ale pamoja na wengine, alale ndani ya chandarua.