Je, Wajua? Uhuru, Malindi na Shimo Jeusi

Je, wajua kwamba setilaiti ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa uchunguzi wa eksirei za angani ilirushwa kutoka Kenya? Ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, nchi ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru. Ilipaa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na kwa heshima ya wenyeji ikaitwa Uhuru.

Je, wajua kwa nini hapa kwetu? Kwenye ikweta dunia huzunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, hivyo roketi inayoelekea mashariki huondoka na kasi hiyo bure. Nawe uliye Kakamega, kilomita 30 hivi kaskazini mwa ikweta, unakwenda kasi iyo hiyo hata ukiwa umeketi kibarazani ukingoja mvua ya alasiri ipite.

Je, wajua kwamba baadhi ya eksirei hizo hutoka karibu na shimo jeusi, lakini si ndani yake? Shimo hunyonya gesi ya nyota mwenza. Gesi hiyo hulizunguka, husuguana, hupata joto la mamilioni ya nyuzi, na hapo ndipo eksirei huzaliwa. Hewa yetu huzizuia, kwa hiyo lazima chombo kipande juu.

Na huu ndio uhondo wenyewe. Mwaka 1971 Uhuru ilionyesha kuwa eksirei za Cygnus X-1, ambalo leo tunajua ni shimo jeusi, hupanda na kushuka katika muda usiofika sekunde moja. Jambo zito hilo! Kitu hakiwezi kubadilika chote haraka kuliko mwanga unavyoweza kukivuka, na kwa sekunde moja mwanga husafiri kilomita 300,000. Basi kinachong'aa pale ni kidogo kuliko umbali wa kutoka hapa hadi mwezini. Hata hivyo, kwa vipimo vilivyotangazwa 2021, shimo lenyewe lina uzito wa takriban mara 21 ya jua letu. Hakuna nyota ya kawaida inayoweza kubanwa hivyo.

Eksirei za Centaurus X-3, chanzo kingine, nazo hupiga kila sekunde 4.8, kwa mpangilio. Hiyo ni nyota ya nyutroni: ina uso, na inajizungusha. Cygnus X-1 haina mpigo wa namna hiyo.

Je, wajua kwamba eksirei za shimo jeusi GRS 1915+105, lililogunduliwa 1992, zimewahi kupiga kama moyo, pigo moja kwa takriban kila dakika? Tabia za shimo hilo ni nyingi kiasi kwamba mwaka 2000 wataalamu walizigawa katika makundi 12. Nalo hupita karibu na utosi wa anga ya Kakamega.

Na je, wajua kwamba kitu kinachodhaniwa kuwa shimo jeusi, kiitwacho 4U 1630-47, hubeba alama yetu? Namba 4 ni orodha ya nne ya setilaiti ile, yenye vyanzo 339 vya eksirei. U ni Uhuru.